Mbu wa Mchana: Niliyoongea Kwenye Mkutano wa Mtaa, Moshi

Jumamosi mwenyekiti alinipa nafasi niongee habari za afya kwenye mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi, na kwa vile wengi walikua msibani na wengine sokoni, wameniomba niandike. Nimeandika vile vile nilivyoongea, na maswali mliyouliza nimeyachomeka humo humo.

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, kaka na dada zangu, vijana wa boda mliosimama kule juani sogeeni kivulini jamani nafasi ipo. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleykum. Mwenyekiti aika mbe kwa kunipa muda huu. Wengi mnanijua, mimi ni nesi, na leo sijaja na makaratasi, nimekuja na chupa.

Hii chupa naomba ipite mkono kwa mkono, mfuniko umekazwa hamna kitakachotoka. Maji haya nimeyachota leo asubuhi kwenye pipa la nyumba moja ya hapa hapa mtaani, mwenye nyumba ameniruhusu na jina lake halihusiki, kwasababu tukizunguka sasa hivi nyumba nyingi tutakuta hivi hivi. Angalieni maji yenyewe, ni masafi kabisa, unachemsha unapika chai. Sasa inua chupa kwenye mwanga uangalie vizuri, vile vidudu vyembamba vinavyoning'inia kichwa chini mkia juu, ule mkia ndo anavutia hewa. Mama hapo, gonga chupa kidogo kwa kucha. Umeona? Wote wamezama, wanajikunja na kujikunjua mpaka chini, subiri kidogo utaona wanapanda tena mmoja mmoja kuja kuvuta hewa. Hao ni viluwiluwi wa mbu, na sio mbu wa malaria, kiluwiluwi wa malaria analala bapa juu ya maji, haning'inii hivi. Na kwenye maji masafi ya pipa namna hii, mara nyingi unayemkuta ni yule anayeitwa Aedes. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, joto likiwa zuri, ni wiki moja mpaka siku kumi hivi, kwahiyo hawa mnaowaona hapa wengine wangekua wanaruka katikati ya wiki ijayo wakitafuta damu ndani ya nyumba ile ile walikozaliwa.

Mimi nitamwita mbu wa mchana ili tuelewane. Ni mdogo, mweusi, ana madoa meupe miguuni na mistari meupe mgongoni, ukimtazama kwa karibu unamtofautisha kabisa. Anauma mchana, hasa asubuhi kumekucha na jioni kabla jua halijazama, anapenda miguu na vifundo, na akishashiba anajificha ndani sehemu zenye giza, chini ya kitanda, nyuma ya nguo zilizotundikwa, chini ya meza. Na ana tabia moja mbaya, ukimfukuza hajamaliza kunywa anahamia kwa aliyekaa pembeni, anaonja hapa anaonja pale, ndo maana mbu mmoja anaweza kuwaambukiza watu watatu wanne wa nyumba moja. Huyu ndo anabeba dengi, chikungunya, zika na homa ya manjano, magonjwa ya virusi, sio vimelea vya malaria, na dawa ya mseto, ile ya malaria, haivifanyi kitu virusi.

Sasa kwanini nimeomba nafasi hii. Kwasababu hapa kwetu mtu akipata homa, kichwa kikamgonga, viungo vikauma, jibu tunalo hata kabla ya kupima, malaria. Malaria ikikosekana basi taifodi, taifodi ikikosekana UTI, na mtu anatoka na mfuko wa dawa wa rangi zote. Nataka niwape hesabu ambayo ni ya hapa hapa Moshi, sio ya ulaya. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa hospitali za KCMC na Mawenzi, watoto na watu wazima. Kwa dalili, zaidi ya 500 kati yao waliandikiwa malaria, asilimia 60 na kitu. Damu ilipochunguzwa kwa umakini maabara, ambao malaria ndo ilikua inawapa ile homa kweli walikua 14. Narudia wazee wangu, 14 kati ya watu 870, haifiki hata asilimia 2. Na chikungunya, ugonjwa ambao wengi wenu mnasikia jina lake leo, kati ya 700 waliopimiwa walikutwa nayo 55. Yaani karibu mara nne ya malaria, kwenye vitanda vya mji huu huu, na watu walikua wanaongea malaria malaria. Wengine walikutwa na magonjwa yanayotoka kwa mifugo na panya, nitayagusa kidogo baadae.

Wakati ule kipimo cha haraka cha malaria kilikua hakijasambaa kama sasa, na daktari mwenye mgonjwa anayetetemeka mbele yake na hana kipimo anafanya kile anachoweza, kwahiyo msichukue namba hizi mkaenda kuwasema vibaya waliowatibu wazazi wenu. Na sijasema malaria haipo, naomba hili lisieleweke vibaya, malaria inaua haraka na ukipata homa kitu cha kwanza ni kupima malaria, hasa kama umetoka safari au unalima kule mpunga Mabogini. Ninachosema ni hivi, kipimo kikisema hamna malaria, amini. Usimwambie mhudumu "wewe niandikie tu mseto mimi mwili wangu naujua". Kipimo kikisema hamna, ndo kwanza uulize, sasa hii homa ni ya nini?

Na msifikiri ni mambo ya zamani. Baada ya hapo watafiti wengine walipima watu waliokwenda na dalili zinazofanana na malaria hospitali ya Hai na hospitali ya TPC hapo chini, na kule Handeni, wakakuta watu wenye dalili za kuambukizwa dengi na wenye chikungunya. Hai na TPC ni wapi? Ni hapa.

Kuna kijana mmoja, anauza mitumba, nimeruhusiwa nimseme bila jina. Homa ilimshika ghafla siku moja, ya pili yake hawezi kufunga vifungo vya shati, vidole vimevimba, vifundo vya mikono na miguu vinauma mpaka kushuka kitandani anashika ukuta. Alikunywa mseto mara mbili, akachomwa sindano za malaria kwenye zahanati, homa ikaisha yenyewe akasema nimepona malaria, lakini viungo viliendelea kuuma miezi. Hiyo ndo chikungunya ilivyo, mara chache inaua, ila inamtoa mtu kazini. Mtu wa kubeba mabalo ya nguo hawezi kubeba, mama wa kufua hawezi kukamua nguo, na familia inakula nini. Kwa watoto wachanga na wazee inaweza kua mbaya zaidi.

Huu ugonjwa sio mgeni kwetu. Mara ya kwanza kabisa kuelezwa na wataalamu duniani ulielezwa hapa hapa Tanganyika, kule uwanda wa Makonde, kwenye mlipuko wa mwaka 1952 na 1953. Kutoka Afrika umezunguka dunia nzima. Na nataka msikie habari ya Lamu, kwa wenzetu Kenya, mwaka 2004, kwasababu watu wengi wanadhani mbu ni habari ya masika tu. Lamu mwaka ule kulikua na ukame. Watu walihifadhi maji ndani, mapipa, madumu, mitungi, na kwa vile maji yalikua ya shida hakuna aliyetaka kumwaga hata tone asugue chombo, chombo kinaongezwa maji juu ya maji. Ilipokuja kupimwa, watu 3 kati ya 4 wa mji ule walikua wameshapata chikungunya. Robo tatu ya mji! Ikatoka hapo ikaenda Mombasa, ikaenda Komoro, ikafika kisiwa cha Réunion ambako iliwakamata theluthi ya watu wote, ikaingia India. Kwahiyo kipindi maji yanakatika mtaani na kila nyumba inapanga ndoo mpaka chumbani, hicho ndo kipindi cha kua macho, usisubiri mvua.

Dengi sasa. Dengi tunaisikia Dar, na kweli Dar imeipata mara kadhaa, 2010, 2014, na ile kubwa ya 2018 kuingia 2019 ambapo nchi nzima walithibitishwa wagonjwa zaidi ya 6,000, wengi wakiwa Dar na Tanga. Homa inakuja ghafla na ni kali, kichwa, maumivu nyuma ya macho ukigeuza macho yanauma, mwili wote umevunjika, wengine upele. Wengi wanapona ndani ya wiki. Lakini wachache inageuka, na inageuka pale ambapo watu wanafurahi. Siku ya tatu mpaka ya saba hivi homa inashuka, ndugu wanasema anaendelea vizuri, mnamuacha peke yake mnarudi kazini, kumbe ndo muda ambao mishipa midogo ya damu inaanza kuvuja maji, presha inashuka. Tafadhali sana shikeni hizi dalili: tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani au kwenye choo, kukosa utulivu au kulegea na kusinzia sinzia, mikono na miguu kua ya baridi, mkojo kupungua. Ukiona moja tu kati ya hizo, mpeleke hospitali muda huo huo, usisubiri asubuhi, usisubiri hela ya vikoba itoke, mchangishane barabarani mkiwa mnaenda.

Alafu kuna kitu kingine cha dengi ambacho watu hawakijui. Virusi vyake viko vya aina nne. Ukiugua aina moja, hiyo hairudi tena kwako maisha yako yote, lakini zile tatu bado, na ukija kupata aina nyingine mara ya pili uwezekano wa kuugua vibaya unakua mkubwa zaidi. Kwahiyo ndugu zetu waliokaa Dar miaka yote hii na wengine wameshaugua bila kujua, wakija kuipata tena wasiseme mimi nishazoea.

Na hapa nije kwenye dawa, hii naomba akina mama mnaotibu nyumbani mnisikilize kwa makini, na nyie vijana wa duka la dawa kama mpo. Homa ambayo hujajua ni ya nini, meza parasetamo peke yake, kwa kipimo chake, usizidishe. Usimeze asprini. Usimeze brufeni. Usimeze diklofenaki, hii diklopa ambayo kila nyumba ina karatasi yake kabatini, mtu akisikia mgongo anameza, akisikia kichwa anameza, na sindano yake watu wanaiomba wenyewe. Dawa hizi kwa mgonjwa wa dengi zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Mgonjwa anywe maji mengi, uji mwepesi, ORS, juisi, madafu yakipatikana, anywe mpaka mkojo uwe unatoka vizuri. Hamna dawa ya kuua virusi vya dengi wala chikungunya, antibayotiki haisaidii, dripu ya nguvu mtu anayoomba kwa sababu amechoka haisaidii, tena maji yakizidi kwenye mshipa bila daktari kuangalia yanaleta shida nyingine. Maumivu ya viungo ya chikungunya ukishahakikishiwa hospitali kwamba sio dengi, hapo daktari ataamua akupe dawa gani. Yeye, sio jirani.

Sasa dengi inafikaje Moshi. Mbu mwenyewe haendi mbali, maisha yake yote anazunguka mita mia, mia mbili, labda mia nne. Hajapanda basi kutoka Ubungo. Aliyepanda basi ni sisi. Fikirini Disemba, watoto wetu wote wanarudi nyumbani kuhesabiwa, mabasi yamejaa, magari madogo yamejipanga kuanzia Mombo, mtu anatoka Dar ameumwa na mbu juzi, yupo mzima anacheka, akifika huku siku ya tatu homa inaanza. Siku zile za mwanzo za homa virusi vimejaa kwenye damu yake, mbu wa pipa la hapa akimnyonya, baada ya siku 8 mpaka 12 hivi mbu huyo anaweza kuambukiza kila atakayemuuma mpaka afe. Mgeni alishaondoka, Januari imefika, nyumba tatu zina homa mtaani na watu wanasema ni malaria ya kiangazi.

Kwahiyo mgonjwa wa homa alale kwenye chandarua mchana. Mchana! Najua inaonekana ajabu mtu kujifunika neti saa sita adhuhuri, lakini pale ndo mbu wanakuja kuchukua virusi kwake waje kuwapa nyie. Vyandarua hivi vyenye dawa vingine vinatengenezwa hapo Arusha kwa majirani zetu, kiwanda cha A to Z, hatuna sababu ya kukosa. Na mtoto mchanga anayelala mchana, neti.

Ila neti haimalizi hili tatizo na huo ndo ukweli wenyewe. Miaka yote tumefundishwa mbu ni usiku, mbu ni madimbwi na nyasi, tunafyeka nyasi jumamosi tunarudi ndani tunaona tumemaliza, pipa limekaa mlangoni. Mbu wa mchana hazaliwi kwenye nyasi. Anazaliwa kwenye vyombo vyetu, maji tuliyoyaweka wenyewe kwa mikono yetu.

Naomba turudi kwenye lile pipa la asubuhi. Nilipoinamia nikapitisha kidole ndani ya ukuta wa pipa, juu kidogo ya maji yalipoishia, kidole kilitoka na vidoa vyeusi vidogo sana kama masizi. Yale ni mayai. Huyu mbu hatagi katikati ya maji, anataga ukutani juu ya maji, pale penye unyevu, anasubiri maji yapande yayafikie. Na mayai yake yakikauka hayafi, yanakaa miezi, hata nusu mwaka na zaidi, yanasubiri. Ndo maana mtu anamwaga maji ya pipa, anajaza mengine, baada ya wiki viluwiluwi wapo, anashangaa. Umemwaga viluwiluwi umeyaacha mayai ukutani. Dawa yake ni kusugua. Mara moja kwa wiki, chagua siku yako, maji yakibaki kidogo mwagia maua, chukua brashi ngumu au dodoki na sabuni, sugua ukuta wote kuzunguka hasa ule mstari wa juu, suuza, mwaga suuzo kwenye udongo mkavu usimwage kwenye chombo kingine, ndo ujaze. Kwanini wiki? Kwasababu nimesema yai mpaka mbu ni siku saba mpaka kumi, ukisugua kila wiki hamna anayefikia kuruka.

Alafu funika. Na kufunika sio kuegesha bati au kipande cha mbao, mbu anapita kwenye upenyo mdogo tu, chukua kitambaa, kanga iliyochakaa, funika mdomo wote ufunge kwa mpira au kamba. Simtanki pia, mfuniko uwe umekaza, na ile bomba ya hewa weka wavu. Mama mmoja ameuliza maji ni ya kununua kwa ndoo, atamwagaje kila wiki. Swali la haki kabisa mama. Usimwage, yahamishie kwenye ndoo safi ukiyachuja kwa kitambaa, sugua pipa, yarudishe. Hupotezi hata lita tatu.

Ndugu zangu wa gereji na wauza matairi, nawapenda na nyie mnajua. Tairi ni nyumba anayoipenda kuliko zote, giza, joto, maji ya mvua yanaingia hayatoki hata ukilisimamisha. Mwaka mzima lina watu wake. Yapangeni chini ya turubai au bati, yasiyofaa yatobolewe matundu mapana chini, na yale ya kufugia maua au kufanyia bembea za watoto yatobolewe pia au yajazwe mchanga. Mengine ni mambo madogo madogo, kopo, kifuu, kisahani chini ya chungu cha maua, gata lililoziba majani, beseni la kuku la maji, kandambili iliyotupwa, ndoo ya fundi rangi. Kwenye kihamba, shamba letu la migomba nyumbani, maji yanakaa hata katikati ya majani ya mgomba na kwenye matundu ya miti, wapo mbu wa jamii hii wanaotaga humo, lakini msiende kukata migomba jamani, mgomba ni chakula, anzeni na pipa na tairi ambavyo ndo vinaleta mbu wengi karibu na mlango.

Kaka pale kauliza kwanini serikali isije ipulize dawa tu mtaa mzima. Kupuliza kunasaidia wakati wa mlipuko, inaua mbu wanaoruka saa ile moshi unapita. Mayai na viluwiluwi hawaguswi, kwahiyo wiki inayofuata wamezaliwa wengine na nyie mmeshatulia mnasema dawa imepulizwa. Na kwamba kazi ya vyombo vya maji inaweza kushinda, hilo limeonekana zamani sana. Havana, kule Kuba, homa ya manjano ilikua inaua watu kwa miaka na miaka. Daktari wa pale pale Carlos Finlay alisema tangu 1881 kwamba anayeleta ni mbu, watu hawakumsikiliza kwa miaka karibu 20. Mwaka 1901, baada ya kuthibitishwa, mji ulianza kupita nyumba kwa nyumba, mapipa yanafunikwa, maji yaliyosimama yanamwagwa au kuwekwa mafuta, wagonjwa wanawekwa kwenye vyumba vyenye wavu ili mbu wasiwafikie, na homa ya manjano ikaisha Havana ndani ya mwaka ule. Chanjo ilikua bado haijagunduliwa hata.

Dada mwenye mimba ameniuliza kuhusu zika. Zika iligunduliwa 1947 kwa kima kwenye msitu wa Zika hapo Uganda, ikakaa kimya miaka mingi, mpaka Brazil 2015 ilipoonekana kina mama walioipata wakiwa wajawazito wengine wanazaa watoto wenye vichwa vidogo na ubongo haujakua vizuri. Kwahiyo wewe vaa gauni refu asubuhi na jioni, jipake dawa ya kufukuza mbu, ipo inayofaa kwa mjamzito ukiuliza pale duka la dawa au kliniki, na mume wako ndo asugue pipa, sio wewe uinamie na tumbo hilo.

Chanjo? Ya homa ya manjano ipo na ni nzuri sana, sindano moja inakukinga maisha yote, wanaosafiri nchi zenye ugonjwa wanaichoma. Ya dengi zimeshatoka duniani, shirika la afya duniani liliipitisha moja mwaka 2024 kwa ajili ya watoto wa maeneo yenye dengi nyingi, lakini kwenye ratiba ya chanjo za watoto wetu haimo, kwahiyo msimpe mtu hela anayewaambia anayo ndani ya begi.

Mzee wangu aliyeuliza kuhusu ng'ombe, nilisema nitagusa. Homa ya Bonde la Ufa nayo ni ya virusi na mbu wanahusika, wazee wanaokwenda minada ya Arusha wanaikumbuka, mwanzoni mwa 2007 baada ya mvua kubwa ilianzia Ngorongoro ikasambaa mikoa karibu 10, watu 309 walihesabiwa wagonjwa na 144 wakafa. Mbu wake wengine mayai yao yanakaa kwenye udongo wa mabonde hata miaka, mafuriko yakija wanatoka na virusi tayari. Lakini mtu mara nyingi haipati kwa mbu, anaipata kwa damu, kwa kuchinja mnyama mgonjwa, kwa kumzalisha ng'ombe au mbuzi anayetupa mimba kwa mikono mitupu, kwa maziwa mabichi. Mvua zikiwa kubwa mkasikia mifugo inatupa mimba zizi zima, usichinje, usigawe nyama, muite bwana mifugo, maziwa chemsha mpaka yafoke. Na ukiwa na homa mwambie daktari unafuga, kwasababu asipojua hatafikiria hilo, atafikiria malaria.

Tumekubaliana na mwenyekiti jumamosi ijayo saa moja asubuhi tunaanza juu barabarani tunashuka nyumba kwa nyumba, kila nyumba itoe mtu mmoja na brashi yake, nitapita na tochi kuangalia ndani ya mapipa. Yale matairi yasiyo na mwenyewe pale karibu na daraja fundi mmoja amejitolea kuyatoboa, ila yanahitaji kubebwa, mwenye toroli aje nalo.